Nani Huuambia Ubongo Kwamba Mwili Unaumwa?

Mwaka 2004 kisiwa cha Lamu kilipigwa na chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu. Ulikuwa wakati wa ukame. Maji yalikuwa haba, na watu waliyahifadhi majumbani kwenye mapipa, mitungi na mabirika, mahali hasa ambapo mbu aina ya Aedes aegypti hupenda kutaga. Damu zilizopimwa kisiwani Oktoba mwaka huo zilionyesha kwamba takriban watu watatu katika kila wanne walikuwa wameambukizwa. Maradhi yakashuka Mombasa, mwaka uliofuata yakavuka bahari hadi Komoro na Réunion, kisha yakafika India.

Ukiwauliza waliougua, kwanza watakutajia viungo, na wana haki, maana wapo waliotembea wameinama kwa wiki nyingi. Wape nafasi wazungumze zaidi, watakutajia na mengine. Chakula kilikuwa hakipandi. Mazungumzo yalichosha, mwanga ulikera, mtu alilala mchana kutwa na akaamka na uchovu uleule, na unyonge ulimkaa moyoni bila ya kufiwa wala kugombana na mtu. Haya ya mwisho ndiyo yanayonishughulisha. Kwa watu wazima walio wengi, virusi vya chikungunya hukaa kwenye damu, misuli na viungo. Kuingia ubongoni ni nadra. Basi ni nani aliyeuambia ubongo ubadilishe hamu ya chakula, usingizi na hali ya moyo?

Waliopeleka habari ni saitokini. Hizi ni protini ndogo zinazotolewa na seli ili kuziarifu seli nyingine, na seli yoyote yenye kipokezi kinacholingana nazo huitikia hata zikiwa kidogo mno. Interferoni ilitambuliwa mwaka 1957 mjini London na Alick Isaacs na Jean Lindenmann, walipogundua kwamba seli zilizoguswa na virusi hutoa kitu kinachozifanya seli jirani zisiambukizwe kirahisi. Mwaka 1975 ikaelezwa saitokini nyingine iitwayo TNF, iliyovuta macho kwa sababu iliua uvimbe wa saratani kwenye panya. Kisha zikaja interlukini, ambazo ni nyingi kiasi kwamba zimepewa namba badala ya majina.

Jambo la kushika tangu sasa ni kwamba saitokini haina amri moja iliyoandikwa ndani yake. TNF ileile inaweza kuifanya seli moja ipigane, nyingine ijiue, na nyingine ibadilishe kidogo tu kazi yake ya kila siku. Kinachotokea hutegemea seli iliyoipokea, ilipokewa saa ngapi ya ugonjwa, na seli hiyo imeshapitia nini kabla. Sehemu kubwa ya mkanganyiko kuhusu kinga na ubongo, hata miongoni mwa madaktari, imetokana na kulisahau hilo.

Ubongo haupokei kila kilichomo kwenye damu. Mwaka 1885 Paul Ehrlich alidunga rangi kwenye mishipa ya wanyama na kuona viungo vyote vikibadilika rangi isipokuwa ubongo. Leo tunajua kwamba seli za kuta za mishipa ya ubongo zimeshikana kwa nguvu sana, na protini kubwa kubwa hazipiti hivihivi. Mtu aliyezoea nyumba za mawe za Lamu ataelewa upesi: mgeni hupokewa dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni, akakaa, akasema shida yake, na mtu wa nyumba akaipeleka habari ndani bila mgeni mwenyewe kuvuka mlango. Saitokini nyingi hufanya hivyo. Zinashika kipokezi upande wa damu, kwenye seli ya ukuta wa mshipa, na seli ile inatengeneza ujumbe mwingine upande wa ndani.

Ujumbe huo wa ndani, katika habari ya homa, ni prostaglandini. Interlukini ya 1, interlukini ya 6 na TNF huzifanya seli za kuta za mishipa, hasa karibu na haipothalamasi, sehemu ya ubongo inayosimamia joto la mwili, zitengeneze prostaglandini E2, nayo huviambia vituo vya joto kwamba nyuzi 37 hazitoshi tena. Mtu anatetemeka kwa baridi, akaomba shuka ya pili, huku mwili wake ukiwaka. Mwaka 1971 John Vane alionyesha kuwa aspirini hufanya kazi kwa kuzuia utengenezaji wa prostaglandini. (Kwa sisi wa pwani, ambako homa ya dengi nayo hutembea, ni muhimu kusema hapahapa: homa ambayo haijajulikana ni ya nini isitibiwe kwa aspirini wala ibuprofeni, kwa sababu ya hatari ya kutoka damu. Parasetamoli ndiyo salama zaidi.) Hapo pia utaona kwa nini dawa inaweza kuishusha homa na bado mgonjwa asitake kuinuka. Dawa imekata tawi moja la ujumbe. Saitokini zenyewe bado zimo mwilini.

Kuna njia nyingine mbili. Sehemu chache za ubongo zina mishipa iliyolegea kwa makusudi ili ubongo uionje damu, na hapo saitokini hufika zenyewe. Halafu ipo neva ya vagasi, inayotoka tumboni na kifuani hadi kwenye shina la ubongo. Hiyo husikia saitokini hukohuko kwenye viungo vya ndani na kupeleka habari kwa umeme, kwa kasi kuliko damu.

Ndani ya ubongo wapo wengi wanaozipokea habari hizi, lakini seli ambazo kazi yake hasa ni kinga huitwa maikroglia. Mhispania Pío del Río-Hortega alizitenga na kuzipa jina mwaka 1919, baada ya kubuni njia ya kuzipaka madini ya fedha ili zionekane kwenye hadubini. Zinakadiriwa kuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya seli za ubongo. Kwa miaka mingi zilidhaniwa ni seli za damu zilizohamia kichwani. Mwaka 2010 utafiti wa panya ulionyesha asili yake ni ya zamani zaidi: zinatoka kwenye mfuko wa kiini unaoambatana na kiinitete siku za mwanzo kabisa za mimba, zinaingia ubongoni kabla kizuizi cha damu hakijakamilika, kisha zinaendelea kuzaana humo humo maisha yote. Hazitegemei uboho wa mifupa kama seli nyingi za kinga.

Vitabu vya zamani viliandika kwamba maikroglia hulala mpaka ubongo uumie. Mwaka 2005 makundi mawili ya watafiti yalitazama ubongo wa panya walio hai kupitia fuvu lililokwanguliwa likawa jembamba, yakaona matawi ya seli hizi yakinyooka na kujikunja bila kukoma, yakigusa kila pembe ya jirani yao. Tangu hapo imethibitishwa kwamba wakati wa afya pia husafisha mabaki ya seli zilizokufa, na katika ubongo unaokua huondoa baadhi ya sinapsi, yaani viunganishi kati ya seli za neva, ambavyo havihitajiki tena.

Na hata utulivu wao unaletwa na saitokini. Interlukini ya 34 na nyingine iitwayo CSF-1 hushika kipokezi kimoja kwenye maikroglia, na bila ya ujumbe huo seli hizi hufa. Mwaka 2014 watafiti waliwapa panya dawa inayokiziba kipokezi hicho, na karibu maikroglia zote zikatoweka. Dawa iliposimamishwa, zikajaa tena ndani ya siku chache. Saitokini nyingine, TGF-beta, huzifanya ziendelee kuwa maikroglia na zisigeuke seli nyingine za kinga. Seli za neva zenyewe hutoa molekuli iitwayo CX3CL1, ambayo kipokezi chake ubongoni kiko karibu kwa maikroglia peke yake, na kazi yake moja ni kuzishika zisichukue hatua kwa kila kishindo. Kwa hiyo aliyezoea kusikia saitokini zikitajwa kama sumu za mwili aiache fikra hiyo. Ubongo wenye afya unaziishi kila saa.

Sasa mwili ukiugua, mizani hii huhama. Interlukini ya 1, TNF na interferoni zinapofika, au ujumbe uliotengenezwa kwa sababu yao, maikroglia hukunja matawi, mwili wa seli hunenepa, na jeni ambazo zilikuwa kimya huanza kusomwa. Zinaanza kutengeneza saitokini zao wenyewe, tena zilezile: interlukini ya 1, TNF, interlukini ya 6. Ndiyo maana habari iliyoanza na mbu mmoja kifundoni inaweza kuendelezwa ubongoni na seli ambazo hazijawahi kukutana na virusi wala na seli iliyoambukizwa. Zinaziambia na jirani zao. Utafiti wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba maikroglia zilizochochewa hutoa interlukini ya 1 alfa, TNF na protini C1q, na tatu hizi zikikutana huzigeuza astrosaiti, seli zinazozilisha neva, ziwe za aina inayoziacha neva zife.

Kwa kawaida hayafiki huko. Kwa kawaida matokeo ni yale waliyoyasimulia watu wa Lamu: kutojisikia kula, kulala, kujitenga. Mwaka 1988 daktari wa mifugo Benjamin Hart alitoa hoja ambayo mimi naiona ni nzito mpaka leo. Alisema mnyama mgonjwa anayejikunja pembeni hajashindwa. Mwili wake umepanga hivyo, ili nguvu zote ziende kwenye homa na mapambano. Ubongo umepewa habari na umeamua. Nawaomba wanaowauguza watu wazingatie hapo kabla ya kumlazimisha mgonjwa wa siku ya pili achangamke na apokee wageni. Maji anywe, hilo halina mjadala. Kampani inaweza kungoja.

Kwamba saitokini zenyewe, bila kidudu chochote kipya, zinatosha kubadilisha moyo wa mtu, kulionekana wazi kwa wagonjwa wa homa ya ini aina ya C. Kwa miaka mingi walitibiwa kwa sindano za interferoni, na wengi wakapata sonona, baadhi kali kiasi cha kutishia maisha, ambayo haikuwapo kabla ya sindano. Njia moja inayolieleza hilo hupitia kwenye maikroglia. Interferoni huchochea kimeng'enya kinachoichukua triptofani, malighafi ya serotonini, na kuipeleka kwenye kutengeneza kemikali nyingine, mojawapo ikiwa asidi ya kwinolini, ambayo huzisumbua neva. Leo ugonjwa huo unatibiwa kwa vidonge visivyo na interferoni, lakini ushahidi ule wa binadamu umebaki.

Maikroglia zikishaamka, nini huzizima? Interlukini ya 10 ni mojawapo. Mwaka 2020 ilionyeshwa kwamba panya ambao maikroglia zao hazina kipokezi cha interlukini ya 10, wakipewa sumu kidogo ya bakteria ambayo wenzao huivumilia, hupindukia katika mwitikio na wengi hufa. Maana yake ujumbe wa kutuliza usipopokelewa, ule wa kuamsha hauna mwisho.

Bado hatujagusa umri na kumbukumbu, na hapa ndipo mambo haya yanapoingia majumbani mwetu. Mwaka 2018 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba maikroglia hukumbuka. Panya walidungwa tumboni sumu ya bakteria. Waliodungwa mara moja, maikroglia zao zikawa nyepesi kuchukua hatua. Waliodungwa siku nne mfululizo, zikawa nzito. Alama za tukio lile, zilizoko kwenye namna DNA ilivyofungwa ndani ya seli, zilionekana hata miezi sita baadaye. Katika panya waliotengenezwa ili wapate mabadiliko kama ya ugonjwa wa Alzheimer, dozi moja ilizidisha mabaki mabaya ubongoni na dozi nne zikayapunguza. Sumu ni ileile. Tofauti ni historia.

Uzee nao ni historia. Panya mzee akipewa sumu sawa na kijana, ubongo wake hutoa interlukini ya 1 kwa wingi zaidi na kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu maikroglia zake zilikuwa tayari zimekaa mkao wa kupigana. Mlete mwanadamu. Babu wa miaka themanini, jana alikuwa barazani akiulizia bei ya samaki, leo hajui yuko wapi. Anamwita ndugu yake aliyekwisha kufariki. Usiku anataka mashua impeleke Matondoni. Asubuhi anatulia, jioni anaanza tena. Nyumba inatafuta sababu, na mara nyingi hukimbilia moja kati ya mbili: mzee ameingiwa na jini, au uzee umemfika na akili imekwenda.

Akili inayokwenda kwa uzee huenda polepole, kwa miezi na miaka. Inayobadilika kwa saa au siku mbili, ikija na kuondoka, ina kitu kinachoisukuma, na mara nyingi kitu hicho ni maambukizi yaliyo mbali na kichwa: mkojo, kifua, kidonda cha mguu. Wazee wengine hawapandishi hata homa. Bakteria wako kwenye kibofu, saitokini ziko kwenye damu, na maikroglia za ubongo uliochoka zinauchukua ujumbe mdogo na kuufanya mkubwa. Ukosefu wa maji na baadhi ya dawa huweza kuleta hali hiyohiyo, na ndiyo maana hospitali huulizia pia mzee anatumia vidonge gani. Wenye kumsomea wamsomee, na siku hiyohiyo mkojo upimwe. Mawili hayo hayagombani, na kuchelewesha la pili kunaua.

Kwa upande wa watoto, ugonjwa uliotufundisha zaidi ni malaria kali. Kilifi, kusini ya Malindi, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na shirika la Wellcome Trust kilichoanza mwaka 1989, na kwa miongo zaidi ya mitatu kimewafuatilia watoto wa pwani hii wanaofika hospitalini wakiwa na degedege au wamepoteza fahamu. Malaria inayofika ubongoni ina jambo la ajabu: vimelea vya Plasmodium falciparum haviingii kwenye nyama ya ubongo. Vinabaki ndani ya seli nyekundu za damu, na seli hizo hunata kwenye kuta za mishipa midogo. Nyama ya ubongo iko upande wa pili wa ukuta, na inaumia.

TNF ina mkono wake hapo, kwa sababu huzifanya kuta za mishipa zioteshe protini ambazo seli zilizoambukizwa hunata kwazo. Ukuta ukivuja, damu kidogo hutoka, na kwenye ubongo wa waliofariki maikroglia huonekana zimekusanyika kuzunguka matone hayo. Tafiti za Malawi na Gambia mwishoni mwa miaka ya 1980 zilionyesha kuwa watoto wenye TNF nyingi katika damu ndio waliokuwa hatarini zaidi kufa.

Hitimisho lililofuata lilionekana halina shaka: izibeni TNF. Watoto zaidi ya 600 wa Gambia wenye malaria ya ubongo waliingizwa kwenye jaribio, nusu wakapewa kingamwili ya kuizuia TNF, na matokeo yakachapishwa mwaka 1996. Vifo havikupungua. Na miongoni mwa waliopona, ulemavu wa neva ulikuwa mwingi zaidi kwa waliopewa dawa. Kabla ya hapo, mwaka 1982, jaribio la Thailand lilikuwa limetumia deksamethasoni, dawa inayotuliza mwitikio wa kinga kwa upana. Wagonjwa walikaa kwenye koma muda mrefu zaidi na madhara yakaongezeka.

Kwa maoni yangu hayo majaribio mawili yanastahili kufundishwa kuliko mengi yaliyofaulu. Walioyafanya walikuwa na sababu nzuri na vipimo sahihi. TNF ilikuwa juu kweli. Lakini mtoto anapofika wodini ameshapoteza fahamu, huenda ujumbe ule umekwisha kufanya ubaya wake saa kadhaa nyuma, na kilichobaki kikifanya kazi ni sehemu yake yenye manufaa: kusaidia kuua vimelea na kuzielekeza seli zinazosafisha na kurekebisha. Kuuziba wakati huo ni kuchelewa kwenye hasara na kuwahi kwenye faida. Hapo ndipo utaona kwa nini sikubaliani na matangazo ya vinywaji na vidonge vya kushusha kinga iliyowaka ubongoni. Hayasemi saitokini ipi, kwa nani, wala wakati gani.

Kilichookoa watoto kilikuwa kukiondoa kinachouanzisha ujumbe, yaani vimelea vyenyewe. Jaribio la nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwamo, lililochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watoto zaidi ya 5,400, lililinganisha kwinini na atesuneti ya sindano, ambayo huua vimelea upesi zaidi. Atesuneti ilipunguza vifo kwa asilimia 22.5, na ndiyo dawa inayotumika sasa. Idadi ya watoto waliobaki na madhara ya neva haikutofautiana sana kati ya makundi hayo mawili. Kwa hiyo yule aliyepona, mama akamrudisha nyumbani akila na kucheza, bado anahitaji kutazamwa: kama anarudia degedege bila homa, kama maneno aliyokwisha kuyajua yamepotea, kama haitiki akiitwa kwa nyuma, kama shuleni anashindwa kufuata alichokiweza mwaka jana. Lolote kati ya hayo likionekana arudishwe kliniki, na daktari aambiwe tangu mwanzo kwamba mtoto huyu aliwahi kulazwa kwa malaria ya ubongo.